Alianguka Kweli

Walikata mkanda pale pale Mzungu alipoanza kuanguka. Nimeanza na hilo kwa sababu hasira yangu ilianzia hapo, na mtu anayetaka kunielewa aanzie hapo hapo.

Miaka ile ya hamsini gari la sinema la serikali lilikuja Iringa kwa nadra, na likija mji mzima ulihamia uwanjani. Sisi wa Kalenga tulianza kutembea mapema ili tupate nafasi mbele ya shuka jeupe lililotundikwa, mama zetu wakiwa wamefunga mahindi ya kuchoma kwenye kanga. Tulionyeshwa kwanza namna ya kunawa mikono, kana kwamba mikono yetu tuliiokota njiani. Kisha tukaonyeshwa Malkia akipunga mkono. Ndipo likaja pambano la ngumi la Marekani, kati ya Mzungu na mtu mweusi, mweusi kama sisi, mwenye mabega membamba na miguu ya mcheza ngoma. Mtangazaji aliyesimama kwenye gari na kipaza sauti alitueleza kwamba huyo mweusi ni bingwa wa uzito wa welta, uzito wa watu wasio wazito wala wepesi, na kwamba babu wa babu zake walichukuliwa huku kwetu Afrika. Watu walipiga kelele hadi mbwa wa mjini wakaitikia.

Yule bingwa alikuwa na mchezo wake. Aliuzungusha mkono wa kulia hewani, polepole, kama fundi anayezungusha gurudumu la cherehani, huku akitabasamu na kumsemesha mwenzake. Macho ya yule Mzungu yakawa yanaufuata mkono. Watazamaji wa kule Marekani walicheka. Hata Mzungu wetu aliyesimamia michezo ya jimbo, aliyekuwa amewekewa kiti pembeni ya gari, alicheka mpaka kiko kikamtoka mdomoni. Kikumbukeni kiko hicho, maana nitakirudia.

Basi yule mpiganaji wa Kizungu akarudi nyuma, mgongo ukagusa kamba, magoti yakaanza kulegea, na shuka likawa jeupe. Tukapepesa macho. Mara tukaona kuku! Kuku wa kisasa, weupe, pamoja na maelezo marefu ya namna ya kuwajengea banda.

Mtangazaji alisema mkanda umekatika. Kaka yangu, ambaye wakati huo alikuwa seremala kijana kwenye karakana ya misheni, hakuridhika. Onyesho lilipokwisha alimfuata fundi wa mashine akamwomba auone huo mkanda, na fundi, mtu mwungwana, akamwonyesha. Haukuwa umekatika. Ulikuwa umekatwa kwa mkasi, umenyooka vizuri, halafu ukaungwa na kuku.

"Mdogo wangu," kaka aliniambia tukirudi nyumbani, "wameogopa tusimwone Mzungu kalala chali."

Alisema huku anacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Kuwaficha watu wa Kalenga jambo kama hilo, sisi ambao babu zetu waliwaona Wazungu wakianguka vitani bila kungoja sinema! Nilipanda kitanda usiku ule nimevimba.

Pale misheni palikuwa na mwalimu wa Kimarekani, mama mrefu mwenye miwani, aliyekisema Kiswahili vizuri. Kaka alipokwenda kumtengenezea kabati la vitabu alimwuliza habari za yule bondia, na kumbe mama huyo alizaliwa mji mmoja naye. Nilikuwa nimempelekea kaka chakula cha mchana, nikasikia yote.

Alisema yule mtu alizaliwa kwenye mashamba ya pamba, babu yake alikuwa mtumwa. Utotoni alipiga watu viatu rangi mbele ya stesheni ya treni, na ngumi alijifunza kwa kupigania nafasi ya kuweka kisanduku chake. Alipokuwa kijana alipigana kwenye maonyesho ya vijijini, kisha mijini, na akawapiga wote aliowekewa. Lakini mkanda wa ubingwa hakuukaribia. Mabingwa walimkwepa. Kila mwaka aliambiwa bado, ngoja kwanza, hujawa tayari, mpaka nywele zikaanza kumtoka. Alipopewa nafasi hatimaye aliuchukua mkanda kwa raundi chache tu. Mji wake ukamfanyia gwaride, na hoteli kubwa kuliko zote ikatundika picha yake ukutani, juu ya meza za chakula. Ila yeye mwenyewe hakuruhusiwa kukaa kwenye meza hizo. Alikula jikoni, nyuma, pamoja na waosha vyombo. Miaka michache baadaye waamuzi walimnyang'anya ushindi mchana kweupe wakampa mtu aliyekuwa hawezi hata kusimama. Mama yule alipoondoka kwao kuja Afrika, bingwa alikuwa akiwafungulia wageni mlango wa hoteli ile ile.

"Ni aibu kubwa," mama wa Kimarekani alisema, na naamini alimaanisha. Aliyasema hayo amekaa kwenye kiti cha barazani, na kikombe chake cha udongo mweupe chenye maua. Kaka yangu alikuwa amekaa chini, kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, na kikombe cha bati. Nilivitazama vile vikombe viwili, nikamtazama yule mama, nikaona kwamba hana habari kabisa. Kaka naye alishukuru kwa chai akarudi kwenye randa yake. Alikuwa mtu wa namna hiyo, mpole wa kukera.

Tangu siku hiyo alitundika gunia la maranda ya mbao nyuma ya karakana na kulipiga kila jioni. Alikuwa anatafuta kile kipande kilichokatwa. Mkono wa kulia unazunguka, sawa, macho ya mtu yanaufuata, sawa, lakini baada ya hapo nini? Alijaribu hivi na vile. Mwishowe akasema lazima ni wa kushoto, mfupi, chini ya mbavu, kama seremala anavyosukuma randa. Alilipiga gunia hivyo mpaka likapasuka. Kwenye mizani ya magunia ya mchele alikuwa na uzito wa welta barabara, na katika Iringa yote hakubaki kijana wa uzito huo aliyeweza kumaliza naye raundi tatu.

Mimi wakati huo nilipelekwa Mbeya kukaa kwa baba mdogo, mdogo wake baba yetu, kumsaidia mkewe, mama mdogo, aliyejifungua mapacha. Baba mdogo alikuwa karani mkalimani. Mzungu akitaka kusema na watu, maneno yalipita kwake kwanza. Alikuwa na koti la kijivu, tai, na kofia ngumu ya kizungu aliyoivaa hata mawingu yakifunika mlima Loleza mpaka chini na jua halijaonekana kwa wiki nzima. Mezani kwake hatukuruhusiwa kusema Kihehe. Eti kilikuwa lugha ya porini. Lakini nisimwonee, alikuwa mkarimu, na kaka yangu alimpenda kama mtoto wake wa kumzaa. Alikwishawatangazia majirani wote kwamba mwanawe anakuja Mbeya kuchukua ubingwa wa jimbo.

Na ubingwa huo ulikuwa na maana. Mshindi wa kila uzito angepelekwa Dar es Salaam kuliwakilisha jimbo letu, na wa Dar es Salaam wangekwenda Nairobi. Kaka hakuwa na kitu kingine alichokitaka duniani.

Wiki chache kabla ya mashindano baba yetu alifariki. Tulikwenda Kalenga kumzika, na kaka ndiye aliyemchongea jeneza. Hakulia. Baada ya maziko hakucheka pia, yeye mtu wa kucheka hata na kuku wa sinema. Mama alimshonea kitambaa cheusi kwenye bukta yake ya ngumi, akaninong'oneza nikiwa narudi Mbeya, "Mwangalie kaka yako. Kitu kimemkaa kifuani hakitoki."

Ulingo ulijengwa kwenye uwanja wa mpira, mbao juu ya mapipa, kamba za katani pande zote. Asubuhi kaka alimpiga kijana mmoja wa pale Mbeya mpaka jicho likafumba. Alasiri ikabaki fainali, na mtu wake alikuwa Mngoni, fundi wa malori, mfupi, shingo nene. Mimi na mama mdogo tulisimama karibu kabisa na kona, nyuma ya kiti cha yule Mzungu mwenye kiko. Baba mdogo alisimama kando ya kiti hicho na kofia yake.

Sasa, kwa asiyetoka kwetu, Mhehe na Mngoni ni watani. Babu zetu walichinjana weee, kisha wakapatana, na mapatano yenyewe ni haya, kwamba Mngoni akinitukana, akiniita mla mbwa, sina ruhusa ya kukasirika, wala yeye nikimtukana. Nikifiwa, yeye ndiye anayekuja kunichekesha. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anajilaza kaburini anadai naye azikwe, anafanya upuuzi mpaka mfiwa acheke, na mfiwa akishacheka hapo ndipo kilio cha kweli kinatoka na msiba unaanza kwisha. Mtani asipofanya hivyo ameniacha peke yangu na maiti yangu. Hilo analijua mtoto wa darasa la kwanza.

Raundi ya kwanza walipigana vikali. Kuelekea mwisho wakakumbatiana kwenye kona yetu, na nikamsikia Mngoni akihema, akimwita kaka kwa jina la utani la Wahehe, "We Mnyalukolo, hicho kitambaa cheusi ndo nini?"

"Baba," kaka alijibu.

"Baba yako kafa? Mbona sina habari? Kazikwa na nani?"

"Wangoni wenzako wa kule Iringa."

"Wale hawajui kuzika!"

Kengele ikalia. Raundi ya pili ilipoanza Mngoni alikuja katikati, na kabla ngumi yoyote haijamgusa, akajitupa chali. Akakunja mikono na glavu zake kifuani kama maiti, akapaza sauti uwanja mzima ukasikia.

"Nimekufa jamani! Nimekufa na njaa! Huyu Mhehe kanilia mbwa wangu wa mwisho! Nizikeni karibu na baba yake, tukagombanie mifupa huko huko!"

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Wahehe, Wangoni, Wabena, Wanyakyusa, wote walielewa, hata refa, sajini wa polisi, aliacha kuhesabu akageuka pembeni kuficha meno. Na kaka yangu akacheka. Alicheka mpaka akainama, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na machozi yakamtoka ambayo hakuyatoa Kalenga, anayafuta kwa glavu. Mngoni akainuka akamkumbatia. "Haya, msiba umekwisha," alimwambia. "Sasa nipige kama mtu." Mama mdogo alikuwa analia kando yangu. Mimi nililia pia, na sikuwa na hasira na mtu yeyote.

Walipigana. Wallahi walipigana, niseme hivyo ingawa sisi ni Walutheri. Mngoni hakumpunguzia hata kidogo, alimpasua kaka mdomo, na raundi ya tatu ilipofika nusu sikujua nani anaongoza. Ndipo kaka akauinua mkono wa kulia akaanza kuuzungusha hewani, polepole. Niliyaona macho ya Mngoni yakiufuata. Kisha wa kushoto ukaingia chini ya mbavu, mfupi, kama randa. Mngoni akakunja uso, mgongo ukagusa kamba, magoti yakalegea, akaanguka. Hicho ndicho walichotukatia Iringa. Nilikiona chote mpaka mwisho, kwa macho yangu, na aliyekifanya ni kaka yangu.

Refa alihesabu akamaliza, na Mngoni bado yuko chini. Kaka akanyanyua mikono. Yule Mzungu akapanda ulingoni uso umekuwa mwekundu.

Alisema kwamba watu hawa wamepangana. Mmoja kajilaza mara ya kwanza, kajilaza na mara ya pili, na wote wamekuwa wakichekeana, naye hatakubali mashindano yake yafanywe kichekesho cha sokoni. Nilitazama kiko chake. Ndicho kile kilichomdondoka kwa kicheko siku ile Iringa, bingwa wa Marekani alipofanya utani wake! Kule ilikuwa ustadi. Kwetu ikawa udanganyifu.

Lakini nitamtendea haki, maana kabla ya kukata shauri aliuliza. Alimgeukia baba mdogo akamwuliza kwa Kiingereza, yule mtu alilala kwa nini, na walikuwa wakisema nini?

Nilijua tumepona. Hapakuwa na mtu Mbeya nzima aliyefaa kulijibu swali lile kuliko baba mdogo. Wiki chache tu zilizopita, kwenye maziko ya baba, watani walimvua yeye mwenyewe viatu wakacheza navyo ngoma, akawakomboa kwa jogoo huku anacheka na kulia. Maneno mawili yalitosha. Ni desturi, Bwana. Amefiwa, Bwana. Mngoni alikuwa bado kalala kwenye mbao, kaka amesimama mikono juu, na baba mdogo akavua kofia yake.

"Sijui, Bwana," alisema kwa Kiingereza chake kizuri. "Ni mambo ya washenzi. Hata mimi siyaelewi."

Kiingereza changu kilikuwa cha shule ya misheni, lakini hicho nilikielewa.

Wote wawili walitolewa. Safari ya Dar es Salaam akapewa yule kijana wa asubuhi, jicho lake likiwa bado limefumba. Watu walizomea, polisi wakaanza kusogeza watu kwa virungu, na kaka akateremka ulingoni bila kuuliza neno, kwa sababu hakujua Kiingereza na hakujua kilichosemwa. Mimi ndiye niliyemwambia. Nilimwambia njiani, neno kwa neno, na sijutii.

Nyumbani mama mdogo aliweka ugali na hakuna aliyenawa. Hatimaye baba mdogo akasema, bila kututazama, "Ningemweleza vipi Mzungu mambo kama yale? Mtu kujifanya maiti, habari za kula mbwa! Angetuonaje?"

Angetuonaje! Mpaka leo neno hilo likinijia nikiwa nakatakata vitunguu, kisu kinakwenda kasi. Alitujali machoni pa mtu mmoja mwenye kiko, na uwanja mzima wa watu wake hakuuona.

Kaka alijibu taratibu, kwa Kihehe, na baba mdogo hakumkataza. Alisema, "Yule wa Marekani walimnyima watu wasio wake. Mimi nimenyimwa na baba yangu."

Asubuhi alipanda lori la Iringa. Alipofika alilishusha gunia la maranda, mama akayawashia moto. Nilimwambia aende tena mwaka unaofuata, yule bingwa alingoja miaka mingi. Akasema bingwa hakuwa na mama mjane na wadogo wa kusomesha. Aliendelea kutengeneza makabati. Mimi niliendelea kukaa Mbeya, nikampikia baba mdogo, nikamfulia koti lake la kijivu, na sikumwita baba tena. Nilimwita Karani. Aliitika.

Karani alikufa kwa kichomi, kabla ya bendera ya Malkia kushuka. Tulimsafirisha kwenda Kalenga, na jeneza lake alilichonga kaka, la mninga, likapigwa msasa na vanishi laini kuliko nilivyoona anastahili. Nilimwambia hivyo. Akasema mbao hazina kosa.

Siku ya maziko, jeneza likiwa limewekwa kando ya kaburi na mchungaji hajafika, niliona mtu mfupi mwenye shingo nene akiteremka kwenye lori lililoleta waombolezaji kutoka Mbeya. Hakumsalimu mtu. Aliingia ndani kwa mama mdogo, akatoka amevaa koti la kijivu, tai na ile kofia ngumu. Watu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Mwanamke mmoja wa Kingoni akajifanya Mzungu, akatia kijiti mdomoni kama kiko, akamwuliza, "Karani, huyu ndani ya sanduku ni nani?"

Mngoni akavua kofia akainama. "Sijui, Bwana."

"Na hawa wanaolia?"

"Ni washenzi, Bwana. Hata mimi siwaelewi."

Watu walianguka. Mama mdogo, mjane mwenyewe, alishika mbavu akacheka mpaka akakaa chini, na kutoka hapo akaanza kulia kama inavyotakiwa. Yalikuwa maneno yale yale! Kumbe siku ile amelala kwenye mbao aliyasikia yote, na Kiingereza alikijua, alikisoma Songea. Miaka yote hiyo alikuwa nayo, akingoja mahali ambapo ana ruhusa ya kuyasema na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika.

Kisha akaacha kuigiza. Aliishika kofia mkononi, akalikaribia jeneza, akasema kwa sauti yake ya kawaida.

"Karani, mimi ni mtani wako, sikudai hasira. Ila huko uendako wakikuuliza tena, wajibu vizuri. Mara ya kwanza nilijiangusha, kwa ajili ya kaka yako. Mara ya pili nilianguka kweli. Huyu mwanao alinipiga."

Akamshika kaka yangu mkono wa kushoto, ule wenye vanishi kwenye kucha, akaunyanyua juu mbele ya Kalenga nzima. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akavua kofia. Kaka alisimama hivyo, mkono juu, machozi yanamtiririka, na Mngoni hakuushusha mpaka kila mtu alipokwisha kuuona.

Watani hawakasirikiani, na hilo ni lao. Mimi sikuwa mtani wa Karani, nilikuwa damu yake, na hasira yangu nilibaki nayo. Mchungaji alifika, kaka akashika kamba upande mmoja na Mngoni upande wa pili, wakamteremsha kaburini.